Kwenda Saa Saba na Robo, Kurudi Je?

Eti Dubai hadi Guangzhou, kule China, ni mbali kiasi gani? Fungua simu uone vituko. Huku wanasema 5,830, kule 3,620, kwingine 3,150. Na zote sahihi! Ya kwanza kilomita, ya pili maili za nchi kavu, ya tatu maili za baharini, zile wanazotumia marubani, kila moja kilomita 1.852. Kuandika kipimo wanaona uvivu, wanakuachia ubishane na shemeji yako.

Haya, piga hesabu. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa; gawanya, unapata saa 6 na nusu. Tiketi inasema 7 na robo. Umepunjwa? Wapi! Saa ya tiketi inaanza kuhesabu ndege inaposukumwa kutoka langoni, si magurudumu yanapoacha ardhi. Kujikokota hadi njia ya kurukia, foleni, kupanda taratibu, kushuka taratibu, kutafuta pa kuegesha, yote yamo humo. Halafu hizo 5,830 ni za mstari ulionyooka juu ya tufe, na mstari wenyewe unakwaruza kusini mwa Nepal, miguuni mwa Himalaya. Nani akupitishe huko? Hewa ikivuja ndani ya ndege, vile vinyago vinavyodondoka usoni vina oksijeni ya dakika 12 hadi 15 hivi, na ndani ya muda huo rubani anatakiwa awe ameshuka hadi kimo cha mita 3,000. Ashukie wapi, na chini kuna milima? Basi njia inasogezwa kusini, kilomita zinaongezeka, wewe unanuna.

Sasa soma saa zenyewe. Tuseme kutoka Dubai 10:45, kufika Guangzhou 22:00. Mtu anatoa, anapata saa 11 na robo, miguu inaanza kumvimba hata hajapanda. Kurudi: kutoka 00:15, kufika 04:55. Ahaa, saa 4 na dakika 40! Jamani, Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na tiketi huandika saa za mji ndege ilipo. Kwenda, toa 4. Kurudi, ongeza 4: zinakuwa 8 na dakika 40.

Kurudi kunachelewa kwa sababu ya upepo. Kule juu, kama kilomita 10, unavuma kutoka magharibi, na ukali wake ni Desemba hadi Februari. Ukikusukuma kwa kilomita 100 kwa saa, zile 900 zako zinakuwa 1,000. Ukigeuza ni upepo wa omo, unakupiga usoni, umebaki na 800. Tofauti hapo ni karibu saa moja na nusu. Kila kijiwe kina mjuzi wa kusema kwamba dunia inazunguka kwenda mashariki, kwa hiyo ukielekea magharibi mji unakufuata wenyewe. Mwambie hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, kisha mwagizie kahawa anyamaze.

Ila kinachowaliza wachuuzi wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou ni ile 00:15 ya kurudi. Tiketi ya tarehe 14, saa 00:15, ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwanjani unatakiwa tarehe 13, saa tatu usiku, mizigo imefungwa na kupimwa. Mwenzetu anatoka sokoni tarehe 14 jioni, mabegi matatu, anafika kaunta anauliza mbona leo hakuna foleni. Ilikuwepo, ndugu. Jana.