Viwanda vya data za majaribio: raha ina gharama yake

Huwezi kujaribu programu ya wavuti bila data: mtumiaji, oda, malipo. Rails, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, tangu zamani inakuja na fikscha, yaani faili za YAML zenye rekodi zilizokwisha andikwa. Mwaka 2008 kampuni ya thoughtbot ikatoa factory_girl (tangu 2017 inaitwa factory_bot), na wazo la kiwanda, yaani msimbo unaotengeneza rekodi mpya pale jaribio linapoihitaji, likashika kasi. Leo Python ina factory_boy, na Laravel, mfumo wa wavuti wa lugha ya PHP, ina viwanda vyake yenyewe.

Mvuto wake unaeleweka. Jaribio la kuhakikisha oda iliyofutwa hailipiwi linaagiza oda yenye hali ya "imefutwa" palepale, na anayelisoma anaona kila kitu mbele yake. Kwa fikscha angekuta "oda ya tatu", kisha akafungue faili jingine kujua oda hiyo ina nini. Na ole wake atakayeigusa, maana majaribio mengine kadhaa huenda yanaitegemea.

Lakini fikscha zina kasi. Rails huziingiza kwenye hifadhidata mara moja, kisha kila jaribio likiisha mabadiliko yake yanafutwa. Kiwanda huanza upya kila jaribio, tena kwa kupitia modeli (sehemu ya programu inayosimamia aina moja ya rekodi), pamoja na ukaguzi wake wote na hata barua pepe ya kumkaribisha mtumiaji mpya. Hapo kila upande una hoja: fikscha hukwepa ukaguzi huo, hivyo zinaweza kubeba rekodi ambayo programu yenyewe ingeikataa.

Tatizo kubwa la viwanda, kwa maoni yangu, ni uhusiano kati ya modeli. Tuseme maoni yana mwandishi na makala, makala ina mwandishi wake, na kila mwandishi ni wa kampuni fulani. Unaagiza maoni mamoja. Hifadhidata inapokea rekodi sita. Muda unaopotea ni nusu ya hasara. Waandishi hao wawili sasa wako kwenye kampuni mbili tofauti, na jaribio la ruhusa linaweza kupita au kuanguka kwa sababu ambayo hakuna aliyeikusudia. Dawa ni kuunda kampuni moja na kuwapa wote wawili, waziwazi.

Majina ya kubahatisha ya Faker, maktaba ya kutunga data bandia, nayo yana vituko vyake: leo linakuja jina lenye alama ya mkato wa juu, jaribio linaanguka, ukilirudia linapita. Thamani ambayo jaribio linaitegemea iandikwe kwa mkono.

Bado ningechagua viwanda, ila viwe vyembamba: sehemu za lazima tu, na build (kuunda rekodi bila kuihifadhi) itangulie kabla ya kukimbilia create (kuunda na kuhifadhi kwenye hifadhidata), kwa kuwa majaribio mengi hayahitaji kuhifadhi chochote. Data isiyobadilika, kama majukumu ya watumiaji, ibaki kwenye fikscha. Halafu lint ya factory_bot iendeshwe mara kwa mara. Hiyo huunda rekodi kutoka kila kiwanda na kutaja vinavyotoa rekodi batili.