Mtoto Asitumwe Pombe

Karo yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na chang'aa, pombe kali ya kupikwa nyumbani. Nalisema mapema kwa sababu kijijini kwetu, kule Malava magharibi mwa Kenya, kila nikipinga pombe ya watoto kuna mtu huniuliza kama nimesahau nilikotoka. Sijasahau. Mama alikuwa na pipa nyuma ya jiko, kando ya migomba, na mara mbili kwa wiki tuliamshwa saa tisa usiku kuchochea moto. Sukari nguru ilitoka kwenye viwanda vidogo vya miwa vya huko huko Kabras. Tuliilowesha na kuiacha ichachuke siku kadhaa mpaka kangara, yaani ule mchanganyiko uliochachuka, itoe mapovu. Harufu yake iliingia kwenye sare zetu za shule, na hata kwa sabuni haikutoka.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa mpelekaji. Alikuwa na miaka tisa. Kuka, yaani babu yetu, alimtuma, baba wadogo walimtuma, na majirani pia, kila mmoja na chupa yake ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Njiani alionja, kisha akajazia maji ya kijito ili chupa isionekane imepungua. Siku aliyogunduliwa, wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Huyu sasa ni mwanamume." Hakuna aliyemkanya. Mimi nilikuwepo na nilicheka pia, nikiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika kidato cha pili aliacha shule. Leo ana miaka thelathini na sita na mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate kile cha kwanza.

Ndiyo maana nachoka kila ninaposikia kwamba vijana wanaharibiwa na marafiki wabaya. Wageni huja shuleni, huwaonya wanafunzi dhidi ya dawa za kulevya, hupiga picha na kuondoka. Mtoto anawasikiliza vizuri. Jioni anarudi nyumbani na kukabidhiwa noti ya shilingi mia na chupa.

Takwimu zetu wenyewe zinatuumbua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Kwa pombe, eneo lililoongoza nchi nzima ni letu la Magharibi, asilimia 23.8. Na umri wa kuanza una uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 uligundua kwamba miongoni mwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya asilimia 40 walifikia kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani. Kwa waliosubiri mpaka miaka 20 au zaidi, ilikuwa kama asilimia 10. Ubongo wa kijana bado unajijenga mpaka anapokaribia miaka 25. Kile wazee wetu walichokiita uanaume kilikuwa kinapandwa mahali ambapo ni vigumu sana kung'oa.

Sheria tunayo. Ile ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inakataza kumuuzia au kumpa pombe mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwezi Julai 2025 serikali ilitangaza sera inayopendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Siipingi. Lakini nyuma ya jiko la mama yangu hapakuwa na mtu wa kuuliza kitambulisho, na hata leo hayupo.

Sasa niseme kuhusu disco matanga, maana hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Asiyetoka huku huenda akadhani ni mkesha wa kawaida wa msiba. Mtu akifa, mwili hukaa mochari wiki mbili au zaidi familia ikitafuta pesa. Usiku wa kuamkia mazishi huletwa jenereta na spika zenye kimo cha mtu. Saa tatu usiku watoto wa darasa la saba tayari wako uwanjani. Saa sita, wazee wamelala au wamelewa, na giza la shamba la miwa liko hatua ishirini kutoka kwenye muziki. Pombe inazunguka kwa chupa ndogo za maji na bangi inavutwa nyuma ya choo. Wasichana wamepatia mimba huko, na kuna waliobakwa huko. Machifu wamepiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi wafiwa wenyewe ndio wanaoomba waachiwe "usiku mmoja tu," kwa sababu bila muziki vijana hawaji, na vijana wasipokuja hakuna wa kuchimba kaburi wala wa kuchota maji.

Nayaelewa mahitaji hayo, maana nami nimezika. Bado nasema hapana.

Iko nchi moja ndogo, Iceland, ambayo mwaka 1998 ilikuwa na vijana walevi kuliko karibu Ulaya yote. Asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Mahubiri siyo yaliyowashusha. Waliweka saa za watoto kuwa nyumbani usiku na kuzisimamia, wakatoa pesa za michezo na muziki baada ya shule, na wazazi walitoka kwa zamu usiku kutembea mitaani kuangalia watoto wa wote. Hatuna fedha za Iceland. Lakini kutembea usiku kuangalia mtoto wa jirani kunahitaji fedha gani? Wazee wetu walikuwa wakifanya hivyo kabla hatujaanza kuogopana.

Kwa akina mama wapikaji sina neno la kuwahukumu. Anayetaka wavunje mapipa awaeleze kwanza karo itatoka wapi. Ninachowaomba ni kimoja: mtoto asichochee moto huo, asionjeshwe ili kupima ukali, wala asibebe chupa. Mteja ana miguu.

Mwezi Aprili tulimzika shangazi yetu. Tulikaa kikao kama familia, tukabishana siku mbili, na tukakubaliana: nyimbo za kanisa hadi saa nne, kisha spika zizimwe, na wanaume sita wakae langoni kwa zamu hadi alfajiri. Baadhi ya vijana walikasirika, wakaondoka. Kaburi lilichimbwa hata hivyo, na wajomba wenye mvi waliovua makoti.

Zamu ya saa saba usiku ilikuwa ya mdogo wangu. Niliogopa kumpa, kwa sababu nilijua alikuwa amekunywa. Nilikuwa nimekaa karibu na moto nilipoona mvulana mdogo akiingia kutoka njia ya mtoni, chupa tupu mkononi. Alisema ametumwa na babu yake. Mdogo wangu aliichukua ile chupa, akaitazama kwa muda mrefu, akaitia mfukoni mwa koti lake ikiwa tupu vile vile.

"Rudi ukalale," akamwambia. "Mwambie mzee aje mwenyewe."