Posa ya Jumamosi: naombeni nijieleze

Najua wengi mmeshaipata kwenye magrupu, tena kutoka kwa yuleyule niliyemsindikiza kwa nauli yangu. Amewaambia niliimba ukweni, tena nikasimama nikacheza. Uongo. Nilikuwa nimekaa. Mengine yote ni kweli.

Chanzo ni muuza dawa wa pale Mbagala Rangi Tatu, mwenye spika begani. Wiki nzima kila nikishuka daladala namkuta: "Panya, mende, kunguni! Panya, mende, kunguni wa godoro!" Inakatika hapohapo, inarudi mwanzo. Ikaninasa kichwani. Na nasikia huko kukatika ndiyo shida yenyewe: kichwa hakipendi kiporo, kinachokatishwa njiani ndicho kinachokirudia. Wimbo wa kawaida unausikiliza mpaka mwisho, hamu inaisha. Wangu mimi niusikilize mpaka wapi?

Nikahamia kwenye jojo. Msicheke, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walieleza kwamba kutafuna jojo kunapunguza wimbo kujirudia kichwani. Yaani mdomo ukiwa na shughuli, ile sauti ya ndani haipati pa kuimbia. Na ilikuwa inafanya kazi! Mpaka mshenga aliponitazama pale mlangoni kwa watu: "Tema. Ukweni hatuendi na mtu anacheua kama mbuzi."

Nikatema.

Ndani kimya. Barua imetolewa kwenye kitambaa, mzee kavaa miwani, anasoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea. Juu kuna pangaboi bovu: kwe, kwe, kwe. Kwe, kwe, kwe. Mnanielewa? Mapigo yaleyale! Vidole vikaanza kugonga goti. Nikavikalia. Mguu ukapokea. Mara nikasikia mtu anaimba, taratibu, "panya..." Nikamwonea huruma, nani tena huyu anajiaibisha? Likafuata "mende", mshenga akanifinya paja, ndipo nikajua ni mimi. Na ukishaufikisha hapo haurudi ndani, jamani. Nikabana midomo, ukapitia puani. Nikajikohoza, kikohozi nacho kikaingia kwenye mapigo. Mwisho mdomo ukafunguka wenyewe:

"KUNGUNI WA GODORO!"

Kidole cha mzee kikasimama. Shangazi wa binti akainuka polepole, akageuza mto wa kochi aliokuwa amekalia, akaukagua pande zote mbili, hadi kwenye zipu. Mzee akashusha miwani.

"Kijana, umemwona wapi?"

Basi. Faini elfu hamsini, posa imepokelewa, mimi nimetolewa kwenye kamati ya harusi. (Wewe unayeniita Kunguni kule kwenye grupu, nimekuona, na mchango wako hujamaliza.)

Ila jana saa nne usiku imeingia meseji, namba ngeni:

"Mwanangu, ni shangazi mtu hapa, wa Jumamosi. Eti ile dawa ni ya unga au ya maji?"