Mzee akianguka, nani anaulizwa?

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mzee akianguka, jibu lipo tayari: ni uzee. Majirani wanakuja, mmoja anamkanda kwa maji ya moto, mwingine anakimbia kumwita anayeunga mifupa. Upendo haupungui. Linalokosekana ni swali la kwa nini ameanguka, na naamini hilo ndilo linalotumalizia wazee.

Ninahudumia wazee katika makao ya kuwatunzia hapa Louisville, Kentucky, kazi inayofanywa na Wakongomani wengi wa mji huu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 na kanuni zake zinayataka makao yanayolipwa na bima za serikali yaondoe hatari zinazoweza kuondolewa, yamwangalie mzee kadiri ya hali yake, yampe vifaa vya kumsaidia. Akianguka hatumnyanyui papo hapo. Muuguzi anakagua kwanza kichwa na nyonga, anaangalia kama anakunywa dawa za kuzuia damu isigande. Ameumia? Daktari na familia wanajulishwa mara moja. Halafu yanaanza maswali. Alikuwa anakwenda wapi? Mara nyingi ni chooni, usiku. Aliita? Nani alimwitikia? Dawa yake ya presha au ya usingizi imebadilishwa? Alivaa nini miguuni? Yote yanaandikwa, na namna ya kumhudumia inarekebishwa.

Sisemi huku mambo yote ni mazuri. Wahudumu wakiwa wachache, kengele inalia na hakuna wa kuifuata. Wapo ambao kwa kuogopa kesi wangependa mzee akae kitini kutwa, ingawa sheria inakataza kumfunga mtu ili mhudumu apate nafuu, na asiyetembea miguu yake huzidi kulegea. Wala si kila anguko linalipwa: familia lazima ionyeshe kwamba makao yalizembea, na hapa Kentucky muda wa kufungua kesi ya majeraha kwa kawaida ni mwaka 1 tu. Ndugu zetu husaini karatasi zote siku ya kumwingiza mzazi. Ile ya kukubali kwamba ugomvi wowote hautafika mahakamani si ya lazima, jamani, na hata ukiisha kuisaini una siku 30 za kuifuta.

Nyumbani Kongo pia sheria ipo. Kifungu cha 258 cha kanuni ya kiraia, cha tangu 1888, kinamlazimisha aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kufidia. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Lakini nani atawashtaki masista wanaomlea mzee aliyeachwa na ukoo wake? Mimi nisingethubutu. Ningeomba daftari tu: kila anguko, saa, mahali, sababu, na familia ionyeshwe.

Tena wazee wetu wengi wako majumbani, katika mitaa ya Bukavu kama Kadutu na Bagira, kwenye ngazi za udongo zinazoteleza mvua ikinyesha, choo nje, umeme umekatika, kandambili zimelika. Hapo wa kuulizwa ni sisi watoto. Tunatuma dola, tunajenga, tunaweka karo, yaani vigae, zinazong'aa sakafuni hadi bafuni. Zikilowa, mzee hana pa kukanyaga. Fundi anaweza kuweka karo zisizoteleza, chuma cha kushikilia kando ya choo, taa ya sola njiani. Kabla ya kutuma pesa za mwezi ujao, mpigie mama umwulize: usiku ukienda chooni unapita wapi, na unashika nini?