Unasali wapi siku hizi?

Mwaka juzi nilihama Mwenge nikaenda Makabe, huko Mbezi, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba ambayo mpaka leo haijapigwa lipu. Nilibeba kitanda, friji na mitungi miwili ya gesi. Kanisa nililiacha Mwenge.

Miezi mitatu ya kwanza nilijikaza. Naamka saa kumi alfajiri, bodaboda mpaka Mbezi Mwisho, kisha daladala, niwahi ibada ya kwanza. Jumapili moja mvua ilinyesha, bodaboda akagoma kushuka kwenye korongo letu, nikarudi kulala. Jumapili iliyofuata haikunyesha, nikalala vilevile. Hapo nikajua kwamba natafuta kanisa.

Neno lenyewe nalitamka kwa aibu kidogo, maana kwetu Kilimanjaro kanisa halitafutwi. Ukizaliwa Marangu au Machame, kwa kawaida wewe ni Mlutheri. Ukizaliwa Kibosho, Kilema au Rombo, wewe ni Mkatoliki, na ukitaka kubadili unasubiri uolewe. Wamisionari waligawana nchi hii kama shamba: Wamoraviani Rungwe na Tabora, Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Kiingereza, Dodoma, Wasabato wakaanzia Upareni mwaka 1903, Wamenonite wakaenda Mara. Hata sisi Walutheri tulikuwa makanisa saba mbalimbali mpaka tulipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963. Dhehebu lilikuwa ni mlima au bonde ulilozaliwa. Halafu wote tukapanda basi tukaja Dar, tukajikuta mtaa mmoja una makanisa manne na msikiti, na kila spika imeelekezwa dirishani kwangu. (NEMC, baraza la mazingira, wameshaonya mara nyingi kuhusu kelele za baa na nyumba za ibada. Nadhani barua ya mtaani kwetu ilipotelea kwenye korongo.)

Nilipomweleza mama kwa simu kwamba Jumapili hii nasali huku na ijayo nitasali kule, alikaa kimya kidogo.

"Mwanangu, wewe ni mtalii?" akaniuliza. "Na ile barua ya usharika umeipeleka wapi?"

Barua ya utambulisho ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, pamoja na risiti za saruji.

Nilianza kwa Walutheri wenzangu, dakika ishirini kwa miguu. Namba za nyimbo ubaoni, ungamo la dhambi, kila kitu mahali pake. Ningeweza kufuata ibada ile nikiwa usingizini, na kuna dakika nadhani niliifuata hivyo. Kilichoniamsha ni matangazo, ambayo yalikuwa marefu kuliko mahubiri: jengo, vyombo vya muziki, semina ya wanandoa, bahasha za ahadi, na namba za bahasha ambazo hazijarudi. Halafu ikaja ile sentensi: "Wageni wetu tunaomba wasimame." Mimi ni mtu mzima, kazini naongoza vikao, lakini kipaza sauti kikinifikia mdomoni mbele ya kanisa zima nasahau hata nilikotoka. Tulikuwa wageni watatu. Tukaimbiwa, tukapigiwa makofi, tukakaa.

Nje kulikuwa na mnada wa sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo mwekundu mwenye hasira. Nilimnunua jogoo kwa shilingi elfu arobaini na tano, kwa sababu moja tu, mnadishaji alikuwa ananikodolea macho. Nikaondoka na jogoo wangu kwapani, na katika watu wote wale hakuna aliyeniuliza naishi wapi.

Rafiki yangu wa kazini akanipeleka misa ya kwanza kwao. Padri alihubiri dakika nane. Nane! Na kwaya ya Kikatoliki ikikolea ngoma na kayamba machozi hunitoka, sifichi. Lakini ulipofika wakati wa komunyo benchi zima likasimama, mimi nikakunja magoti pembeni watu wapite. Wakaenda, wakaniacha na mkoba wangu. Sheria yao naijua na siilalamikii. Ila mtu hawezi kuhamia nyumba ambayo kila wiki anawapisha wenzake waende mezani.

Kwa Waanglikana nilikwenda na jirani aliyekulia Dodoma. Tulishangaa wote wawili, mimi kwa ugeni na yeye kwa ubani. Kwao, kwa watu wa CMS, chetezo ni mambo ya Kikatoliki. Huku pwani Uanglikana uliletwa na UMCA, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, na moshi ni sehemu ya ibada. Alikohoa mwanzo hadi mwisho. Sina la kuongeza.

Wasabato nitawasema vizuri ingawa sikujiunga nao. Waliniweka kwenye kundi la lesoni, yaani somo la Biblia, chini ya mwembe, watu kama kumi na wawili, na mwalimu wetu alikuwa fundi seremala. Akasoma mstari, akanigeukia: "Dada, wewe unaonaje hapa?" Kisha akanyamaza, akasubiri. Nimesali tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kanisani kuulizwa nionavyo na kusubiriwa nijibu. Nilijibu ovyo. Mzee mmoja akalichukua jibu langu la ovyo, akalinyoosha taratibu mpaka likawa na maana. Mchana hakuna aliyeondoka, masufuria yakafunuliwa tukala. Tatizo langu na wao ni dogo na halina heshima ya kitheolojia: Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusimamia mafundi.

Kanisa la turubai lililo karibu na geti langu, karibu kuliko hata duka, nililiacha la mwisho. Kwa dharau, niseme ukweli. Mtumishi alivaa suti ya bluu na viatu vyenye ncha. "Mwambie jirani yako, mwaka huu ni wako!" Nikamwambia, naye akaniambia, tukawa tumeambiana. Bango la lipa namba lilining'inia juu kuliko msalaba. Pembeni kulikuwa na chupa za maji ya upako, ndogo na kubwa, bei mbalimbali, nikawa nawaza kama upako nao unapimwa kwa lita. Nilitoka kabla ya sadaka ya tatu, nikacheka njia nzima mpaka nyumbani, ambayo si njia ndefu.

Jumatano simu ikaita. Ni binti wa mapokezi, alikuwa ameandika namba yangu kwenye daftari. "Dada, Bwana Yesu asifiwe. Tumekukumbuka kwenye maombi, umeamkaje?" Nilikuwa na homa ya siku ya pili, sauti haitoki. Jioni walikuja wanawake wawili na uji kwenye chupa ya chai. Hawakunihubiria. Walifagia sebule, wakanisubiri nimalize kikombe, wakaondoka na chupa yao. Mafundisho yao mengi sikubaliani nayo mpaka leo. Uji ulikuwa na ndimu.

Mwezi huohuo alifariki baba mmoja wa mtaa wa nyuma, mpole, aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi akiwa ameshika mswaki. Turubai likafungwa, viti vikaletwa, kamati ikakaa kupanga. Mwenyekiti wa kamati akauliza swali ambalo kila msiba wa Kikristo Dar lazima liulizwe: "Marehemu alikuwa anasali wapi?"

Watu wakatazamana. Mkewe akasema polepole, "Alikuwa anasikiliza mahubiri YouTube."

Hakuna aliyecheka. Wakapiga simu kanisa lake la zamani. Huko wakasema jina lipo ila bahasha haijarudi miaka sita, na hayumo katika jumuiya yoyote, vile vikundi vya waumini majirani wanaosali nyumbani kwa nyumbani, kwa hiyo suala lake lingehitaji kikao. Kikao! Mwili uko mochwari na ndugu wako njiani kutoka Bukoba. Mwishowe alikuja mwinjilisti wa kanisa jingine, kanzu ameibeba kwenye mfuko wa plastiki, akamzika mtu asiyemjua. Kaburini alikosea jina lake mara moja. Mke alilisahihisha kwa sauti ndogo ambayo tulio karibu tuliisikia.

Maoni yangu ni haya, na sitayapunguza. Kanisa linalofungua daftari la bahasha kabla ya kufungua Biblia mtu akifa limekosea, na halijakosea kidogo. Maiti hadaiwi. Mzee wa kanisa akinijibu kwamba utaratibu upo ili watu wasilikumbuke kanisa siku ya jeneza tu, namwelewa, lakini nitamuuliza: katika miaka hiyo sita, nani alikwenda kugonga mlango wa yule baba kuuliza kulikoni? Daftari liliona pengo. Mtu je?

Na mimi pia yamenigusa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwa yeye. Nilizunguka miezi mitano nikitoa maksi: mahubiri saba kwa kumi, kwaya tisa, maegesho mawili. Wapo wanaosema kuzunguka makanisa ni dhambi ya kutangatanga. Sikubali, ukihama mtaa lazima utembee uone. Kosa langu ni kwamba nilikuwa natembelea Jumapili tu, siku ambayo kila kanisa limevaa vizuri. Jumuiya sikuingia hata moja. Na huko ndiko watu wanakojulikana kwa majina. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walilitambua hilo zamani, mwaka 1976 walipoziweka jumuiya ndogo ndogo mbele ya mipango yao ya kichungaji, na leo sisi Walutheri tunazo pia, nyumba kwa nyumba. Mtu akikuuliza unasali wapi, mahubiri hayamhusu. Anataka kujua siku ukianguka ampigie nani.

Pale msibani niliosha masufuria na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Alinitazama muda mrefu, mikono ikiwa kwenye povu.

"Samahani, si wewe uliyenunua yule jogoo?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tulikuonea huruma sana siku ile. Kwani unaishi wapi?"

Kumbe ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na nyumba yake iko nyuma ya tangi langu la maji. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipita kunichukua. Tulikaa watu kumi na wanne kwenye sebule ya mtu, tukasoma, tukaimba nyimbo mbili, tukachanga kidogo kwa mgonjwa mmoja, na saa mbili kasoro mafundi wangu walikuwa hawajafika bado. Barua nimeikabidhi. Ilikuwa na alama ya vumbi la saruji, na parish worker, mhudumu wa usharika, aliipangusa kwa kiganja bila kuuliza.

Jumamosi hii jumuiya ni kwangu. Watu kumi na wanne, na nina viti vinne. Nimekwenda kuazima benchi kwa wale wanawake wa uji, wakasema watalileta wenyewe Ijumaa jioni. Halafu mmoja akauliza kama na wao wanaruhusiwa kulikalia.