Kadi ya baba ilikuwa shilingi 30,000

Mwaka juzi nilipasuliwa kidole tumbo hapa Hamburg. Nilifika hospitali saa nane usiku, nikatoa kadi ya bima, ikapitishwa kwenye mashine, na tangu hapo hakuna aliyenitajia pesa. Wiki kadhaa baadaye bili ikaja kwa posta: euro 40. Ndiyo sehemu ya mgonjwa, euro 10 kwa kila siku ya kulazwa, na mimi nililazwa siku nne.

Haukupita muda baba akazidiwa na ngiri kule Tanga. Dada yangu alinipigia simu dirisha baada ya dirisha: la faili, la vipimo, kisha akaandikiwa glavu, nyuzi na dripu akanunue duka la dawa ng'ambo ya barabara. Tukachangishana kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hela zilipotimia ilikuwa siku ya tatu, baba kajikunja ubavu mmoja, hata uji haupiti. Alipona, alhamdulillahi.

Watu husema Wajerumani wana hela. Wanazo, ila pia wanakatwa mapema. Kila mwezi asilimia 14.6 ya mshahara huenda kwenye bima, nusu natoa mimi, nusu mwajiri, na kuna nyongeza juu yake. Inauma, hasa mwezi ambao hata kichwa hakikuniuma. Nasi kwetu tunachanga, tena kwa moyo mkunjufu, lakini tunaanza mgonjwa akiwa tayari kitandani, na atapata kiasi gani inategemea nani ana salio siku hiyo.

Sipapambi huku. Daktari wa ngozi nilimsubiri miezi mitatu. Na kwa kuwa tangu 2004 hospitali hulipwa kwa aina ya ugonjwa badala ya siku za kulala, unaruhusiwa ungali unajikongoja, na nyumbani hakuna wa kukupikia uji.

Kinachoniuma ni hiki: kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kule Tanzania, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima. Kila Idi nilikuwa natuma zaidi ya hizo. Najua wapo wenye kadi walioambiwa dawa hakuna. Lakini mfuko utanunuaje dawa ikiwa wengi hukumbuka kujiunga wakishaumwa? Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 naiunga mkono, hasa pale inapotulazimisha.

Baba ana kadi sasa. Tarehe ya kuisha kwake naijua kwa kichwa.