Wakianza ARV Ndipo Wanazidiwa: Kuna Ukweli Gani?

Ukikaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga Igombe au Kayenze kando ya Ziwa Victoria, asubuhi, dagaa wameanikwa, hutakosa kumsikia mtu akisema kwamba fulani alikuwa anatembea vizuri tu, alipoanza ARV ndipo akalala moja kwa moja. Wahudumu wa afya hujibu haraka kwamba hiyo ni imani potofu. Mimi nami nimejibu hivyo kwa miaka. Siku hizi nasita, na aliyenifanya nisite ni mwanasayansi wa mbali, Arturo Casadevall, mzaliwa wa Kuba anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani.

Nianze na la nyumbani. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa. Kichwa kilimuuma wiki tatu. Akanunua dawa za maumivu dukani, akapima malaria, hana. Alipofika kituo cha afya akakutwa na VVU, CD4 (chembe nyeupe za kinga) zimeshuka sana, akapewa ARV siku hiyohiyo. Hakuna aliyewaza fangasi. Siku ya 11 alianza kuita majina ya watu waliokwisha kufa, shingo imekakamaa kama ubao. Tulipompeleka hospitali kubwa wakataka kutoa maji ya uti wa mgongo, nusu ya ukoo ikakataa: sindano ile inaua. Mama mdogo ndiye aliyesema achomwe.

Mtu wa maabara aliniruhusu nichungulie. Alichanganya tone la maji yale na tone la wino mweusi, akaweka chini ya hadubini. Nikaona giza, na ndani ya giza viduara vinavyong'aa, kila kimoja na punje katikati, vingi, kama taa za wavuvi ziwani usiku usio na mwezi. Wale walikuwa fangasi aina ya kriptokokasi. Ule mng'ao ni koti lao la sukari, ambalo wino hauwezi kupenya.

Fangasi hao wamo kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye udongo, kwenye miti inayooza. Wengi wetu tumewavuta puani bila kujua. Njiwa mwenyewe haugui ovyo, kwa kuwa joto la mwili wake hupita nyuzi 41. Hapo ndipo Casadevall anapoingia. Mwaka 2009, yeye na Vincent Robert walichapisha uchambuzi wa sampuli zaidi ya 4,800 za fangasi, wakaona kwamba kati ya nyuzi 30 na 40, kila joto likipanda kwa nyuzi moja, karibu asilimia 6 zaidi ya fangasi hushindwa kuota. Kwa hiyo nyuzi zetu 37 ni mlinzi wa kwanza. Mlinzi wa pili ni chembe nyeupe za damu, na VVU huwamaliza hao. Kwa mwaka 2020, watafiti walikadiria kwamba homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi hawa iliwapata watu wenye VVU wapatao 152,000 duniani na kuua 112,000, wengi wao katika Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara.

Lakini wazo la Casadevall lililonigusa zaidi ni la 1999, alilolitoa pamoja na Liise-anne Pirofski. Walisema tusitazame kidudu peke yake wala mwili peke yake. Tutazame madhara, kisha tuulize yametoka wapi. Kinga ikiwa dhaifu mno, fangasi ndiye anayeharibu. Ikiwa kali mno, mwili unajiharibu wenyewe. Na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Ukivimba hauna pa kwenda.

Ukilichukua wazo hilo, kisa cha baba mdogo kinasomeka hivi: fangasi walikuwa kichwani kabla ya kidonge cha kwanza. ARV zikaanza kuamsha askari waliokuwa wamelala, nao wakaamka na kumkuta adui yuko chumbani. Vita ikapiganwa humohumo, kati ya vyombo. Dawa haikuwa sumu, ila waliosema amezidiwa baada ya kuianza hawakusema uongo.

Ushahidi upo, tena wa karibu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulifuatilia wagonjwa 177 wa ugonjwa huu huko Kampala, Mbarara na Cape Town. Wote walitibiwa fangasi. Walioanzishwa ARV ndani ya wiki 1 hadi 2 baada ya ugonjwa kugunduliwa, asilimia 45 walifariki ndani ya wiki 26. Waliosubiri wiki 5, asilimia 30. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwezekana kuendelea kuwapa watu kile kilichoonekana kuwaua zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri wiki 4 hadi 6 kwa wagonjwa hawa.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na sitaki kuzipita. Kwenye kifua kikuu mambo ni kinyume: utafiti wa Kamboja wa 2011 ulionyesha kwamba wenye CD4 za chini sana walioanza ARV wiki 2 baada ya dawa za TB walikufa wachache kuliko waliosubiri wiki 8. Kuwahi, kwa walio wengi, ndiko kunakookoa. Halafu hata ule utafiti wa 2014 haukukamilisha hadithi ya kinga iliyozidi: mlipuko wa kinga uliotambuliwa na madaktari ulikuwa asilimia 20 kwa walioanza mapema na 13 kwa waliosubiri, tofauti isiyotosha kuthibitisha kitu. Na mwaka 2016, watafiti waliojaribu kuipoza kinga kwa deksamethasoni walilazimika kusimamisha kazi yao. Dawa haikuokoa watu, na madhara yaliongezeka. Wazo la Casadevall linaeleza vizuri, ila halijatupa dawa ya kuipima kinga kama chumvi kwenye mboga.

Hoja inayoniumiza zaidi ni ya muuguzi mmoja ninayemfahamu. Aliniambia, "Kaka, nikimwambia mvuvi asubiri, simwoni tena. Leo yuko kisiwa cha Ukara, kesho cha Goziba, simu haipatikani." Ni kweli. Mvuvi wa dagaa huhesabu siku kwa giza na mbalamwezi. Wiki 5 ni zaidi ya mzunguko mzima wa mwezi, na giza likifika hayupo.

Hata hivyo, nadhani hoja yake inapiga mahali pengine. Anayetakiwa kusubiri ni yule mwenye fangasi kichwani, si kila mtu, na kumjua hakuhitaji miujiza. Kuna kipimo cha kijiti, kinachotumia tone la majimaji ya damu na kutoa jibu kwa dakika 10, ambacho hulitafuta lile koti la sukari kabla mtu hajaanza kuona maruweruwe. Tangu 2018, Shirika la Afya Duniani linashauri kipimwe kabla ya ARV kwa mwenye CD4 chini ya 100, na ikiwezekana hata chini ya 200. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliotoka 2015 ulipunguza vifo kwa asilimia 28, kwa kupima hivyo na kuwatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo. Kijiti peke yake kisipewe sifa zote. Kule kutembelewa ndilo jibu la yule muuguzi, na visiwani ndiko kugumu: kunataka mafuta ya boti na mtu wa kambi ya wavuvi anayeaminika.

Na tuwaambie watu ukweli. Najua hofu iliyopo: ukikiri kwamba ARV zinaweza kuamsha ugonjwa uliojificha, wengine watazitupa. Lakini waliokaa mwaloni wamekwisha kuyaona kwa macho. Tunapowaita wajinga, wanaacha kutuuliza. Mtu aliyeambiwa mapema, "kichwa kikiuma, usiache dawa, rudi upesi," ana la kufanya usiku ule maumivu yakianza.

Baba mdogo alipona, ila macho hayakurudi sawasawa. Haendi tena ziwani. Hukaa kivulini akishona nyavu kwa kupapasa, na saa mbili usiku humwita mwanawe amletee kopo la dawa na maji. Mama mdogo bado ananiuliza kwa nini hawakuambiwa tangu siku ile ya kwanza.